Punja wa Shakarpur na Vumbi la Akiki

Mama yake Punja alikuwa ameshazika watoto watatu alipomzaa huyu wa nne. Siku ya sita bibi yake alimchukua mtoto, akamlaza juu ya takataka za uani, akamburura hatua mbili tatu, kisha akamwokota kama mtu anayeokota kitu barabarani. Ndiyo maana akaitwa Punja, yaani taka zilizofagiwa. Walitaka mauti yakija yamwone ni uchafu tu, yapite. Na kweli yalipita, kwa miaka arobaini na mitatu.

Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Mimi naitwa Gani. Sisi ni Waislamu, wao ni Wahindu, na mawe yale yale yalitulisha sote. Hapa Shakarpur, pembeni tu mwa mji wa Khambhat, ni nani asiyekula akiki? Jiwe linatoka kilima cha Ratanpur likiwa na rangi ya matope. Mimi nalifukia ndani ya chungu, nalichoma kwa samadi ya mbuzi kutwa kucha, linatoka jekundu kama ini. Wengine wanalipasua kwa nyundo ya pembe ya nyati. Kisha linakwenda kwa akina Punja, wanoaji, wanalipa umbo kwenye gurudumu. Baada yao wapo watoboaji, halafu watungaji, halafu tajiri mjini. Kila ukoo una hatua yake tangu enzi za manawabu, watawala wetu wa zamani.

Babu zetu walipakia shanga majahazini karibu kabisa na lango la mji. Siku hizi bahari imejitenga, imetuachia tope lenye chumvi. Wajaini wengi wamehamia Mumbai wakaacha majumba yenye kufuli. Waparsi wamebaki nyumba chache sana. Mabohora wanarudi wakati wa harusi, wanafungua madirisha, wanapika, wanafunga. Sisi wa mawe hatukuwa na pa kwenda, tukabaki.

Kazi ya kuchoma haina vumbi. Nalisema mapema kwa sababu watu huniuliza mbona mimi bado nipo.

Kazi ya Punja ilikuwa vumbi tupu. Alikaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, magoti juu, gurudumu linazungushwa na mota, jiwe mkononi, uso karibu na jiwe. Kila punje ya shanga ilimwachia unga wake. Jioni alitoka mweupe kuanzia nywele hadi kucha, akasimama mlangoni kwetu na kumpigia mke wangu kelele:

"Shemeji, maiti amefika na sanda yake! Chai ipo?"

"Maiti hanywi chai," mke wangu alimjibu.

"Huyu anakunywa. Na sukari anataka mbili."

Mkewe, Jivi, alitoka kwa Wachunara, wale watengeneza tiara za karatasi za kurusha, wa upande wa pili wa mji. Naye ulimi alikuwa nao. "Baba aliniambia naolewa na mtu wa shanga," alisema mbele za watu. "Kumbe naolewa na gunia la unga." Walikuwa na mtoto mmoja, Hansa, aliyekuwa akiandika hesabu zake za shule kwa kidole kwenye vumbi lililolala juu ya kila kitu mle ndani, juu ya masufuria, juu ya picha ya mungu wao, juu ya kitanda.

Mdogo wake Punja, Khoda, ndiye aliyeanza kukohoa. Alikufa akiwa na miaka thelathini. Tukasema ni TB, kwa kuwa kila aliyekufa mtaani kwetu tulisema ni TB. Wajane walikuwa wengi kiasi kwamba wenzetu wa mjini walituita mtaa wa sari nyeupe, vazi la wajane wa Kihindu. Tulikasirika, lakini tungewabishia nini?

Punja alipofika miaka thelathini na minne, kifua chake kikaanza. Kwanza alikohoa asubuhi tu. Kisha akawa anasimama katikati ya njia anapotoka kisimani, anajifanya anaangalia kunguru.

"Unaangalia nini?" nilimuuliza siku moja.

"Huyu kunguru simfahamu. Mgeni."

Nikaelewa kwamba anatafuta pumzi.

Kituo cha afya walimpa dawa za TB. Alizinywa miezi sita bila kuruka hata siku moja, Jivi akimsimamia kama askari. Kikohozi hakikusikia. Wakampa tena, safari hii miezi minane na sindano juu yake. Makalio yakavimba, masikio yakaanza kupiga kelele, kifua kikabaki vile vile. Na muda wote huo alikuwa akinoa, maana gurudumu lilikuwa lake na tumbo halikusubiri dozi iishe.

Ndipo Jivi akasema twende kwa Bava Gor. Huyo ni walii wetu, Mhabeshi aliyekuja zamani sana, na sisi wa akiki tunaamini ndiye aliyewafundisha wazee wetu kazi hii. Kaburi lake liko kilimani kule kule yanakotoka mawe, na wanaolitunza ni Masidi, watu ambao asili yao ni Afrika. Wahindu wanakwenda, Waislamu wanakwenda, Waparsi wanakwenda. Tulipanda basi siku ya Alhamisi, mimi, Punja na Jivi. Kilima chenyewe si kirefu, lakini tulipumzika mara tisa.

Mama mmoja wa Kisidi, mnene, mwenye fagio la manyoya ya tausi, alimkalisha Punja chini mbele yake.

"Unaona vitu usingizini?"

"Naona mawe tu, mama."

"Unapiga kelele bila kujijua?"

"Anayepiga kelele ni mke wangu, na anajijua vizuri sana."

Yule mama alicheka hadi fagio likamwanguka. Kisha akamgeuza Punja, akaweka sikio mgongoni pake, akasikiliza kwa muda mrefu. Alipoinua uso hakuwa anacheka tena.

"Mwanangu, sauti ya jini mimi naijua. Humu hamna jini. Humu mna kitu kinakwaruza."

"Kitoe basi."

"Sina cha kukitolea."

Alitupa maji ya kunywa na wali wa dengu, akamshika Jivi bega mpaka tukaingia kwenye basi. Njiani Punja alikuwa ameegemea dirisha, macho ameyafumba. Nilidhani kalala. "Gani," akaniambia, "hata jini limenikataa."

Mwaka uliofuata likaja gari la kupiga picha za kifua kutoka Vadodara. Watu walijipanga kwenye uwanja wa shule, wanoaji kwanza. Daktari alikuwa binti mdogo, sidhani kama alifika miaka thelathini. Aliinua picha ya Punja juani ili tuione sote. Mapafu yalikuwa na madoa meupe, mengi, kama mtu kapulizia unga.

"Hili ni vumbi la jiwe, baba. Limeingia likaganda."

"Kwa hiyo si TB?"

"TB inaweza kuja juu yake. Lakini hiki ulicho nacho siyo TB."

"Basi nimeiba mali ya tajiri bila kujua," Punja akasema, akageuka kuangalia kama watu wanacheka. Wachache walicheka. "Dawa yake ipi, binti?"

"Haina dawa. Toka kwenye vumbi. Leo hii, usisubiri kesho."

"Nitoke niende wapi?"

Yule binti aliangalia karatasi zake, akaangalia foleni iliyokuwa nyuma yetu, akamwangalia tena Punja. "Sijui, baba," akasema. Nilimpenda kwa hilo. Wengine wote walikuwa na majibu.

Punja alitoka kweli. Alifunika gurudumu kwa gunia, akaenda kwa wakweze kutengeneza tiara. Ilikuwa Novemba, msimu umeshika, kila nyumba ya Wachunara imejaa karatasi za rangi na gundi ya ngano. Alichonga vijiti vya mianzi akiwa amekaa, bila vumbi, akiimba. Mkwewe akamsifu kwamba ana mkono mwepesi kuliko wanawe. Miezi miwili ile ndiyo niliyomwona Punja kama zamani. Januari sikukuu ya tiara ikafika, mji mzima ukapanda juu ya mapaa kurusha, Jumapili yake watu wakaenda kurushia kule kwenye tope la bahari, halafu ikaisha. Mwezi wa pili nani ananunua tiara? Nyumba ile ilikuwa na watoto wa kiume watano na wake zao. Mkwewe alishindwa kumwambia, basi Punja akajiambia mwenyewe, akarudi nyumbani.

Alijaribu ulinzi kwenye ghala, wakamwachisha kwa kukohoa. Jivi alikwenda vibarua kwenye mashamba ya tumbaku, na alichopata kililiwa na nauli na unga wa uwele. Gunia likaondolewa juu ya gurudumu. Akanoa miaka mingine mitatu, siku moja anakaa, siku mbili analala.

Kuna watu wa chama fulani walikuja wakasema serikali ina fidia kwa waliougua kazini, ila iwepo barua ya mwajiri. Tukaenda kwa Natubhai, tajiri aliyekuwa akichukua shanga za Punja tangu ujana wake. Si mtu mbaya. Kila Diwali alituletea halwa ya Khambhat kwenye kasha, wao na sisi. Alitukalisha, akaagiza chai, akasikiliza mpaka mwisho.

"Punjabhai, wewe ni kama ndugu. Lakini niandike nini? Nilikuajiri lini? Nilikuwa nakuletea mawe, unaninolea, nakulipa kwa kazi ya mkono. Gurudumu lako, kibanda chako, umeme wako. Nikiandika mimi ni mwajiri, kesho watakuja mia tatu."

"Watakuja kweli," Punja alisema.

"Sasa wewe mwenyewe unaona."

"Naona."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nimetoka na maneno nyumbani, nimeyapanga. Lakini hata mimi nachoma mawe ya Natubhai. Nikanywa chai yangu.

Ofisini, makao makuu ya wilaya, karani alitupokea kwa adabu. Alimwona Punja anavyohema, akamletea maji na kiti chenye mto. "Kitambulisho cha kazi? Stakabadhi ya mshahara? Kitu chochote chenye mhuri?" Punja akanyoosha mikono yake juu ya meza. Kucha za vidole gumba zilikuwa zimeliwa na gurudumu, na ngozi ya viganja imekuwa laini, inang'aa kama shanga. Karani akaitazama kwa haya.

"Baba, mikono siwezi kuiweka kwenye faili."

Tukarudi.

Hansa alikuwa na miaka kumi na saba wakati huo, amemaliza darasa la kumi na amefaulu hesabu kuliko wote wa shule yao. Siku moja ya Machi nilisikia gurudumu linanguruma ng'ambo ya ukuta, nami nilijua Punja yuko kitandani maana nilimsikia akikohoa. Nikazunguka nyuma. Hansa alikuwa amekaa mahali pa baba yake, kitambaa kimefunika pua, unga umeshaanza kumwingia kwenye nyusi.

"Ami Gani, usimwambie."

"Anasikia, mwanangu. Mimi nimesikia kutoka kwangu."

"Basi asikie. Dawa yake ya kupulizia imekwisha tangu juzi. Ami una pesa ya kununua nyingine?"

Sikuwa nayo.

Adhuhuri Hansa alipokwenda kuchota maji, Punja alijikokota kutoka kitandani. Toka kitandani hadi kibandani si hatua ishirini. Jivi aliniambia baadaye kwamba zilimchukua nusu saa, na alikataa kushikwa. Alikaa chini, akachukua kisu cha mboga, akaukata mkanda wa mota. Ulikuwa mkanda mzito, wa pamba yenye lami. Alikata kidogo, akapumzika, akakata tena. Mkewe alisimama mlangoni akimtazama.

"Umemaliza?" Jivi alimuuliza.

"Nimemaliza."

"Na tutakula nini, baba Hansa? Hicho kisu?"

"Mtoto wangu hatakaa hapa."

"Mimi nataka akae hapa? Nimemzaa nimlete hapa?" Sauti yake ilivuka ukuta, sote tukaisikia. "Niambie pa kumpeleka, nimpeleke sasa hivi. Niambie!"

 

Alasiri Jivi alikuja kwangu. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye vyungu vyangu, ncha mbili za mkanda mkononi.

"Shemeji, una waya mwembamba?"

Nilikuwa nao. Natumia kufungia vyungu vilivyopasuka. Ningeweza kusema sina. Nimelifikiria sana jambo hili. Kama ningesema sina, angekwenda nyumba ya tatu, nao wangempa. Hilo ni kweli, lakini halinisaidii. Nilimkatia waya, hata koleo nikampa. Kabla jua halijatua gurudumu lilikuwa linazunguka, na pale penye kiungo cha waya lilikuwa linagonga, tak, tak, tak, kwa hiyo kuanzia siku ile tuliweza kujua Hansa anakwenda kasi au polepole.

Kesho yake Punja alituma niitwe. Nilimkuta amekaa kitandani ameegemea magunia, maana kulala chali kulikuwa kumeshamshinda.

"Waya ni wako?"

"Wangu."

Alitikisa kichwa. Tak, tak, tak, kutoka uani.

"Ulifanya vizuri au vibaya, Gani?"

"Sijui, kaka."

"Na mimi sijui. Nilidhani labda wewe unajua, umesoma Kurani."

Nilicheka, naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mabega mpaka kikapita. Mabega yake yalikuwa mifupa mitupu.

Aliishi mwaka mmoja na miezi michache baada ya hapo. Kila asubuhi alimwambia Hansa amwagie maji gurudumu ili vumbi lilale, na Hansa akamwagia, lakini jiwe bichi huteleza na shanga hutoka na kasoro, kwa hiyo mchana aliacha. Punja alijua. Alikuwa akisikiliza mlio na kujua jiwe ni kavu au bichi. Mwanzoni alimgombeza kwa kupiga sahani ukutani, kwa kuwa sauti ya kumfikia hakuwa nayo. Kisha sahani ikanyamaza.

Alikufa mwezi wa Mei, saa nne asubuhi, joto limepamba moto, Jivi akimpepea na Hansa yuko kwenye gurudumu. Nilisikia tak, tak, kisha nikasikia Jivi anamwita mwanawe kwa jina, mara moja, kwa sauti ya kawaida tu. Gurudumu likazimwa. Wanaume wa mtaa tukambeba, Wahindu kwa Waislamu. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba watu wa mbele walidhani wa nyuma ndio wenye uzito, na wa nyuma wakadhani wa mbele. Kwao maiti huchomwa. Nilibaki pale mpaka moto ulipotulia.

Cheti kiliandikwa TB.

Hansa alinoa miaka minne. Halafu wakaja watu kutoka Borsad kumposa, kijana wa dukani, ukoo wao hauna uhusiano wowote na mawe. Hansa akakataa. "Nikiondoka mama atakula nini?" Jivi alimpiga kofi mbele ya wageni, kisha akawaomba radhi, kisha akawapa chai, na posa ikapita. Ile siku ya harusi nilimwona Hansa amenawa uso, hana unga hata kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba amefanana na Khoda, si na Punja. Tuliwasindikiza mpaka kwenye gari. Kukohoa, alikuwa hajaanza kukohoa. Natumaini vumbi la miaka minne si jingi. Nimewauliza watu, kila mmoja ananiambia lake.

Wiki iliyofuata nikasikia gurudumu. Nilidhani wamelikodisha kwa mtu. Nikazunguka nyuma, nikamkuta Jivi, ametandika gunia, miwani ya Punja machoni, jiwe mkononi, anabonyeza kwa woga kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua.

"Shemeji, na wewe?"

"Kwani mimi nina nini?"

"Hansa akijua?"

"Hansa yuko kwake. Atakuja Jumapili atagomba, atalia, atakula, atarudi." Alipuliza unga kwenye jiwe akaliangalia upande upande. "Mimi nina miaka arobaini na saba, Gani. Hili vumbi linataka miaka kumi na tano, ishirini, ndiyo limmalize mtu. Likifika kwangu litakuta nimeshajiondokea na kitu kingine."

Nilisimama pale. Nilitaka kumwambia njoo ukae kwetu, ukoke moto na mke wangu, lakini vyungu vyangu havilishi hata sisi, na Natubhai amepunguza mawe tangu waanze kuleta shanga za kioo. Nilitaka kumwambia awashe kile kifyonza vumbi cha bomba ambacho wale wa chama waligawa, lakini nilikiona pale pembeni, kimezimwa, na umeme wake angeulipia nani?

"Kama huna la kusema, toka mlangoni," Jivi akasema. "Unanizibia mwanga."

Nikatoka.